Imekataliwa

Modemu ililia, ikakoroma, kisha ikanyamaza. Kwenye kioo cheusi cha kompyuta likatokea neno lile lile la Kiingereza: imekataliwa.

"Jaribu tena," alisema Fahima.

Ahmed alichomoa waya wa simu, akaupuliza, akauchomeka upya. Alikuwa fundi wa kompyuta hapo Kilindoni, na Ijumaa angemwoa Fahima. Lakini kompyuta hii ilikuwa ya marehemu Tahir, mume wa kwanza, aliyeiwekea Linux kwa mikono yake mwenyewe, na Ahmed alizoea Windows. Alifungua faili hili na lile, akakagua namba ya kupiga, akakagua jina la akaunti. Hakuona kosa.

Fahima hakutaka makubwa. Tahir alikuwa akiwapeleka wageni kuzamia Ghuba ya Chole, na wengi walizoea kuandikiana naye barua pepe. Tangu boti yake ikutwe ikielea tupu, hakuna aliyewaarifu. Hitima ilisomwa, kadhi akahukumu kuwa amekufa, eda ikaisha. Alitaka awaambie rafiki za Tahir, aifunge akaunti, basi.

"Labda neno la siri unalikosea," Ahmed alisema kwa upole.

"Siwezi kulikosea." Fahima akasita. "Ni jina tulilomchagulia mtoto wetu, kabla mimba haijaharibika. Tulilijua sisi wawili tu. Hata mama sikumwambia."

Ahmed akatazama pembeni. Fahima akaliandika upya, herufi kwa herufi. Modemu ikalia. Imekataliwa. Akaliandika tena, na tena, mpaka herufi zikamchanganyikia kwa machozi.

"Inatosha, Fahima. Ngoja niwapigie Dar."

Akaurudisha waya kwenye simu ya mezani, akaipigia kampuni ya mtandao. Akajieleza, akataja akaunti na shida yao. Fahima alimwona akisikiliza na kuitikia.

"Una hakika?" aliuliza mwishowe. Akaurudisha mkono wa simu mahali pake, taratibu.

"Wanasemaje?"

"Wanasema neno la siri ni sahihi."

"Sasa mbona inatukataa?"

"Akaunti haipokei watu wawili kwa wakati mmoja. Kuna mtu yumo ndani tangu asubuhi, kwa neno hilo hilo. Anapiga kutoka Tanga."