Aliyeugusa Kwanza

"Sumu! Sumu!"

Makocha wa timu ya kijani walipaza sauti kandoni mwa uwanja wa futiboli ya Kimarekani, na wachezaji wao wakatawanyika kuukimbia mpira kama watu waliochokoza nyuki. Ndilo neno lao. Wapinzani wakishaupiga mpira mbali kwa mguu, nao ukaanguka na kudunda ovyo, usiuguse. Ukiugusa ukakuponyoka, mpinzani anaweza kuuwahi ukawa wake.

Teddy Renner, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliugusa. Si kuugusa tu: aliuokota, akakimbia nao hatua kumi, akapigwa kumbo, ukamtoka. Mpinzani mmoja, mwenye jezi nyekundu, akauzoa na kukimbia nao peke yake hadi mwisho wa uwanja. Pointi sita. Kabla ya hapo walikuwa sare, kumi na saba kwa kumi na saba, na ilikuwa imebaki dakika moja na ushei.

Jukwaa la nyumbani likafoka matusi.

Verna Pruitt alikuwa safu ya kumi na mbili, katikati ya makoti ya kijani, na koti lake la kahawia. Tiketi aliipata langoni, ya mwisho mwisho. Tangu mchezo uanze hakuwa amepiga makofi wala kuimba. Wengine waliutazama mpira. Yeye alitazama mikono. Kila vijana walipogongana, alishika ukingo wa benchi. Jirani yake, Dale Hostetler, fundi wa mapaa mwenye sauti ya kuvuka mtaa, alimuuliza mapema kama ana mtoto uwanjani. Alikubali kwa kichwa, asiongeze neno.

Kwa hiyo Dale alipotukana, alijua nani anamsikia.

"Aliyemzaa huyu angezaa jiwe," alisema akitazama mbele. "Jiwe lingefaa kujengea msingi."

Safu nzima ikacheka, kicheko kibaya. Kikombe cha kahawa kikarushwa kutoka nyuma, kikamwagikia Verna begani. Hakuna aliyeomba radhi. Naye hakujifuta. Alikuwa akitazama katikati ya uwanja, ambako mwamuzi mmoja alikuwa amedondosha kifuko kidogo cha buluu cha kuwekea alama, na sasa amesimama juu yake, hasogei.

"Hazihesabiwi," alisema Verna.

"Nini?"

"Zile pointi. Zitafutwa."

Dale akamwambia uchungu wa mwana haujawahi kufuta pointi. Wa nyuma wakamshauri aende nyumbani akapike, na amchukue na huyo Renner wake akamsaidie kumenya viazi, maana mikono yake ndiyo inafaa kwa hilo.

Verna aliwaeleza polepole, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Mpira haukuguswa kwanza na Renner. Uliguswa na mwekundu, namba arobaini na nne, pale kwenye kifuko. Aliupata kwa ncha ya kidole, ukamponyoka ukaendelea kubingirika. Na timu iliyoupiga ikiugusa kabla ya wapokeaji, wapokeaji hawana tena cha kupoteza. Waokote, wakimbie, waangushe, wanyang'anywe. Mambo yakishatulia wanaweza kuyakataa yote na kuchukua mpira pale ulipoguswa kwanza.

"Renner si mjinga," alisema. "Uwanja mzima, ni yeye peke yake aliyefikiri."

Dale akamgeukia sasa. "Tuko watu elfu tisa hapa, hakuna aliyekiona hicho kidole. Wewe umekionaje?"

"Nilikuwa nakiangalia."

"Na kanuni umefundishwa na nani?"

"Kitabu cha kanuni kiko jikoni kwangu, mwaka wa nne huu. Mwanangu anakula, mimi namhoji."

"Miaka minne," Dale alisema kwa sauti ya kusikiwa na safu zote, "na bado haijamwingia."

"Bado," Verna alijibu.

Wakacheka tena, lakini kicheko kikakatika. Waamuzi walikuwa wamemaliza kushauriana. Mkubwa wao alisogea mbele, akaonyesha kifuko, akapunga mikono miwili kufuta pointi, kisha akaelekeza mkono upande wa kijani. Mpira ni wao, pale katikati.

Kijani walirusha mara mbili, wakasogea, wakaupiga kati ya nguzo, pointi tatu. Ishirini kwa kumi na saba. Saa ikaisha.

Watu walimiminika uwanjani kumbeba Renner, yule yule wa kumenya viazi. Na kwa kuwa hasira haifi, hutafuta tu pengine pa kulala, wakapata mwingine wa kumla. Jukwaa likaanza wimbo wa neno moja, "Kidole, kidole," kumwimbia namba arobaini na nne, aliyekuwa ameketi kwenye nyasi bado na helmeti kichwani. Kocha wake alimwinamia akimfokea. Mwenzake mmoja alimpita, akamsukuma mgongoni kwa goti. Dale aliimba kuliko wote.

Kisha akakumbuka. Alivua skafu yake ya kijani, akampangusa Verna kahawa begani, macho chini.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nimekutukania mtoto. Shuka ukamkumbatie mwanao, tutakupisha."

Akawaambia wa mbele wasimame. Wakasimama, safu kwa safu, wakimpigia makofi mama wa shujaa, naye akashuka ngazi kati yao bila kupungia mtu mkono. Alikanyaga nyasi. Alimpita Teddy Renner, aliyebebwa juu mabegani mwa watu, wala hakugeuza shingo. Akaenda moja kwa moja hadi kwa namba arobaini na nne, akapiga magoti, akaanza kumfungua mwanawe helmeti.