Sungura Aliyekondeshwa na Mwizi

Palikuwa na sungura wa ndani aliyenenepa hadi daktari wa mifugo akaonya kuwa moyo wake hautaiona masika. Paka, mzee wa kujitolea, akaanza kumfunza mazoezi sebuleni.

"Ruka kigoda, mwanangu!"

"Nionyeshe kwanza, mjomba."

Paka akaruka. Sungura akamsifu, akaomba tena. Mwezi ukaisha hivyo, Paka kabaki mbavu tupu, Sungura hajainua hata sikio.

"Basi kufa na kitambi chako!" Paka akafoka, akajibwaga kwenye kimkeka cha Sungura.

"Kimkeka changu!" Sungura akamfukuza nyumba nzima, na huko mbioni Paka akaelewa.

Tangu hapo akawa anakiiba kila asubuhi.

Masika ilipofika, Sungura alilia, "Mwizi wee! Tazama ulivyonikondesha!"

"Pole, mwanangu," Paka akasema, akakiuma kimkeka, akatimka.