Jina la Bwawa

Tangu nchi zetu zote zianze kuvuta umeme kwenye bwawa la nchi jirani liitwalo Tulemo, jirani huyo amekuwa mkubwa. Kwanza alitaka kura yetu kwenye mikutano ya mataifa, kisha bandari. Sasa mtoto njiti hapati joto la mashine mpaka aitwe Tulemo.

Mimi naitwa Mbonea. Kwetu Upareni mjukuu wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu, na wangu amezaliwa leo, mdogo kama kiatu changu.

"Mpeni langu," nilimwambia mwanangu Elieza pale wodini. "Umeme wetu wa zamani ulikuwa ukikatika kila siku, lakini haukumuuliza mtu jina."

"Baba, taa ya mashine ni nyekundu. Hebu mguse miguu."

Ilikuwa baridi kama bomba la asubuhi.

"Haya, Tulemo," nikasema. Taa ikawa kijani.

Nesi akachungulia mlangoni. "Mama Tulemo!" Wodi nzima ikaitika.

Nami, mkaidi wa kuzaliwa, nikamwinamia mjukuu nikamnong'oneza, "Mbonea."

Taa ikarudi nyekundu, na safari hii nilipoita Tulemo, haikubadilika.