Betri Inayofia Makunduchi

Kwa mara ya tano betri ilikuwa imekufa Makunduchi, na kwa mara ya tano fundi Silima aliipima mjini asiione na ugonjwa wowote.

Mwenye gari, Miraji, alikuwa na wake wawili: Bi Mwanapili mjini na Mwatum Makunduchi, zamu siku mbili huku na mbili kule; mkoba wake wa safari Bi Mwanapili huutia na kuutoa butini kwa mkono wake. Gari likilala mjini, asubuhi linawaka mara moja. Likilala Makunduchi haliungurumi hata kidogo, na zamu ya Bi Mwanapili inaliwa na mke mdogo mpaka lipatikane gari la kulivuta. Majirani walishaanza kumshauri Bi Mwanapili aende kwa Kadhi. Miraji akakonda kwa hofu. Mke wa ndoa ya miaka ishirini hauzwi dukani.

Silima alimwonea uchungu yule mama. Akasema gari atalipima huko huko linakofia, akafuatana na Miraji.

Asubuhi betri imekufa. Silima akafunga nyengine aliyokuja nayo, akagusisha waya kwenye kichwa cha betri: cheche. Gari limezimwa, na kitu kinakula umeme. Akawa anachomoa waya mmoja mmoja. Alipochomoa wa taa ya buti, cheche zikakoma. Kule ndani, kidude kinachozima taa buti likifungwa kilikuwa kimekabwa kwa kitambaa, kisishuke.

Mwatum aliapa kuwa buti lenyewe hajui hata linavyofunguliwa. Silima hakubishana naye. Alimwambia Miraji tu kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na Miraji akatazama chini.

Walifika mjini kabla ya adhuhuri, zamu haijapungua hata saa. Miraji akapitiliza msikitini, amefurahi. Bi Mwanapili akamletea fundi kahawa mlangoni, akasikiliza kisa chote. Silima akamtuliza: tangu leo mumewe hatakwama tena.

"Atarudi kila zamu?"

"Kila zamu, Bi Mwanapili."

Bi Mwanapili akachungulia uchochoroni, Miraji bado hajatokea.

"Haya, ya buti ushaiona," akasema kwa sauti ya chini. "Nambie basi, fundi, humo garini hamna taa nyengine isiyoonekana?"