Mpira Agoma

"Mpira, hebu waonyeshe wageni," alisema baba mdogo, na sebule nzima ikaniangalia mikono.

Mpira ni mimi, kwa sababu viungo vyangu vinapinda kupita kiasi. Kidole gumba changu nikikisukuma nyuma kinalala bapa juu ya mkono kama kimeng'oka, na wageni hupiga kelele utadhani wamelipa kiingilio.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo kifundo cha mkono kiliteguka nikiwa nimebeba ndoo, maji yakamwagika ukumbini. Nililia kwa maumivu. Baba mdogo aliruka dimbwi akasema, "Una miaka kumi na miwili. Acha kudeka."

Sasa nikakunja ngumi.

"Sionyeshi."

"Mpira!"

"Kidole kinauma. Nimekwambia tangu mwaka jana kwamba kinauma."

Mgeni mmoja akakohoa. Baba mdogo akacheka peke yake, akaweka kikombe chini.

"Kinauma wapi! Hii ni damu ya ukoo wetu. Mimi utotoni nilikuwa bingwa wa mambo haya." Akakishika kidole gumba chake kinene, akakirudisha nyuma.

Kikapinda vizuri kabisa, mpaka mkononi. Kisha kitu kikalia ko! ndani yake, na kicheko kikamkatika. Machozi yakamlengalenga. Wageni, hawana habari, wakaanza kupiga makofi.

Nikamsogelea, ngumi yangu bado imekunjwa.

"Acha kudeka, baba mdogo."