Spana Chini ya Sakafu

Mkono wa Kapteni ulikuwa umezama hadi kiwiko chini ya sakafu ya ndege yake kuukuu, ukitafuta pa kupitishia waya wa redio mpya, ulipogusa chuma baridi.

Akakipapasa. Ilikuwa spana yake, ile aliyoizungushia utepe mwekundu kwenye mpini. Ilikuwa imelalia nyaya zinazougeuza mkia.

Jumapili alikuwa amempakia mkewe kwenye ndege hii. Spana ingesogea kidogo tu ikazikwamisha nyaya hizo, wangekwenda na maji.

Wala si hilo lililomchoma zaidi. Spana hii ndiyo aliyomsingizia kaka wa mkewe kuwa ameiiba, mezani, mbele ya ukoo mzima: "Mwenye mkono mrefu tunamjua." Watu wakacheka. Leo shemeji huyo alipoombwa msaada alikuja vilevile, na sasa alikuwa amepiga magoti nyuma yake, akimmulikia kwa tochi.

"Vipi, shemeji, umekwama?"

"Hapana. Vumbi tu."

Akaivuta spana polepole, akiificha kiganjani. Utepe ukachomoza katikati ya vidole, mwekundu, kwenye mwanga mkali. Nyuma yake pumzi ikakatika kidogo.

Kapteni akasubiri kusutwa. Masikio yalimwaka moto.

Shemeji aliigeuza tochi taratibu, akamulika ukuta wa banda, akaishikilia huko mpaka Kapteni alipomaliza kuitia spana mfukoni.

"Haya," akasema, "nipe huo waya nikuvutie."