Minyororo Iliyobaki Bandani

Kwa kilomita kumi na tatu Evaristo alikuwa hajagusa breki hata mara moja. Ukigusa breki kwenye theluji bila minyororo ya matairi, gari halikuulizi unataka kwenda wapi.

Na minyororo aliiacha wapi? Bandani kwake, imening'inia ukutani. Aliitoa garini asubuhi ile ile kwa mkono wake mwenyewe, apate nafasi ya kupakia magunia.

"Iache garini," mkewe Zulema alimwambia.

"Oktoba hii? Baridi imekwisha, watu tunanyoa kondoo, miti imechanua, mimi nitembee na minyororo? Watanicheka kazini."

"Wakucheke. Lakini theluji ikikukamata njiani, mimi sikai dirishani kama mama yangu. Nakwambia mapema."

Baba yake Zulema alitoka kazini siku moja ya theluji, akapatikana siku ya tatu ndani ya gari lake, ameganda. Siku zote hizo mama mtu alikaa dirishani akingoja. Kwa hiyo saa nane mchana, Evaristo alipoona mawingu yameshuka mpaka kwenye mapaa ya shamba la kondoo alikofanya kazi na theluji imeanza kumwagika, hakuiwaza barabara. Alimwaza Zulema. Afike kabla mke wake hajapata wazimu, basi, hilo tu.

Simu? Huku kwetu Patagonia simu hushika kijijini. Ukiwa barabarani umebeba saa tu.

Pembeni yake alikaa Crispín, mfunga marobota ya sufu. Huyu ni mtu wa maneno mengi. Mbele kulikuwa kweupe, pembeni kweupe, nyuma kweupe. Waipa zimeshikwa na barafu. Evaristo aliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha, akitafuta nguzo za ua wa kondoo kando ya barabara.

"Tumekwisha, kaka," Crispín alisema. "Hii ni kama kufungiwa ndani ya chupa ya maziwa."

"Tunakwenda, bwana, acha uchuro. Naziona nguzo."

"Unaona nguzo! Mimi sioni hata pua yangu, na unajua ilivyo."

Wakauanza mlima. Gia ya pili. Matairi yakateleza, yakashika, yakateleza tena. Kijasho chembamba kilimtoka Evaristo mgongoni na huku masikio yamekufa ganzi kwa baridi. Akisimama kwenye mlima ule, gari litarudi kinyumenyume mpaka bondeni, na kule chini hakuna atakayewaona hadi theluji iyeyuke.

Karibu na kilele pakatokea wekundu kidogo. Zilikuwa bendera za kibanda cha sala cha Gauchito, mtakatifu wa madereva. Hakuna dereva wa huku anayempita mtakatifu yule bila kumpigia honi. Hata wale wanaojidai hawaamini hupiga, halafu wanasema mkono uliteleza. Evaristo akapiga tatu.

Akajibiwa.

Honi tatu, kutoka ndani ya ule weupe, upande wa chini wa kibanda.

"Mama yangu wee!" Crispín akajishika kifua. "Gauchito kanunua gari!"

Wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu watoke shambani. Honi ikalia tena. Safari hii ilikuwa ndefu, haikatiki.

"Sikiliza," Crispín alisema, kicheko kimemwisha. "Labda huyo amekwama. Simama tumwone."

"Nikisimama hapa tunakuwa magari mawili yaliyokwama. Mtu anasali, mwache asali."

"Sala gani ndefu hivyo?"

"Labda ana dhambi nyingi."

Lakini moyo ulimchoma. Akainua mguu kidogo kwenye mafuta, kidogo tu, na papo hapo gari likaanza kwenda ubavu kuelekea mtaroni. Akamwona Zulema dirishani, amekaa vile vile alivyokaa mama yake. Akakanyaga mafuta. Akapiga honi moja zaidi, ya adabu, wakavuka kilele. Nyuma yao ile honi iliendelea kulia mpaka upepo ukaimeza.

"Nikifika nitawaambia polisi," alisema.

Crispín aligeuzia uso wake kioo cheupe.

Waliingia kijijini saa kumi na moja kasoro. Crispín alishuka nyumba ya kwanza. Evaristo akaegesha uani kwake, akakaa kidogo, kwa sababu vidole vilikataa kuachia usukani. Alikuwa hai. Furaha ilimjaa mpaka akataka kulia. Aliapa atakubali kila neno la Zulema: ndiyo, mimi mjinga; ndiyo, minyororo itakaa garini Oktoba, itakaa Desemba, itakaa mpaka nizikwe nayo.

"Zulema!" aliita kabla hajafungua mlango. "Njoo unitukane, mke wangu, nimefika!"

Ndani birika lilikuwa limepoa. Dirishani alikaa mtu aliyejifunika shali. Alikuwa mama mkwe wake, Doña Eulogia. Akageuka, akamtazama Evaristo, kisha akautazama mlango nyuma yake, kama anayengoja mtu wa pili aingie.

"Uko peke yako, mwanangu? Kwani hamkuonana?"

"Na nani, mama?"

"Na mkeo. Ameazima gari la jirani tangu saa nane, amekuletea minyororo yako. Aliniahidi hatavuka pale kibandani kwa Gauchito. Alisema atakungoja hapo hapo, na akisikia gari atapiga honi mpaka usimame."